Kumbeba Mama Mara ya Tatu

Mama yao alivunjika nyonga akiwa anaanika nguo, na mfupa ule haukuunga sawasawa. Tangu hapo alilala katika chumba cha nyuma, na kila alipogeuzwa alitoa sauti ambayo binti yake, mshonaji, aliisikia hata alipokuwa kwenye cherehani katika chumba cha mbele. Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti fupi, kama ya mtu aliyekanyaga msumari mbele ya wageni akaona aibu kulia.

Paa la chumba kile lilikuwa bovu. Mchwa walikuwa wamezila mbao zake zikawa kama mkate uliokauka, na mabati yalishikiliwa na mazoea zaidi kuliko misumari. Fundi seremala, aliyepanga nyumba ya jirani ukuta kwa ukuta, alipanda kuangalia akashuka akitikisa kichwa. Alisema kazi haiwezekani mpaka kiangazi, kwa kuwa paa lote ni lazima literemshwe. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba ukija upepo wa maana kabla ya hapo, mabati yataondoka yenyewe na boriti itamwangukia aliye chini yake. Aliye chini yake alikuwa mama.

Kwa hiyo nyumba nzima ikageuka kuwa nyumba ya kungoja upepo. Mshonaji, ambaye maisha yake yote hakuwa mtu wa kuuliza habari za mawingu isipokuwa amesahau kuanua, sasa aliamka na simu na kulala na simu. Simu yenyewe ilikuwa ya mama. Ya kwake ilikuwa imetumbukia katika ndoo ya maji, naye akaona hakuna haja ya kutafuta nyingine ilhali ya mama imelala tu chini ya mto. Ndani yake kulikuwa na ukurasa wa hali ya hewa uliokwisha kufunguliwa, wenye picha za jua, mawingu na radi. Juu kabisa ya ukurasa palikuwa na maandishi ya mikunjo asiyoweza kuyasoma, akayadhania kuwa tangazo la biashara, nayo matangazo yako kila mahali. Chini ya kila picha palikuwa na namba yenye kijiduara kidogo begani mwake. Namba hiyo aliihesabu kuwa muda uliobaki.

Mara mbili picha ya radi ilijitokeza pamoja na alama nyekundu na neno la kutisha: dhoruba. Mara zote mbili alimwita fundi. Waling'oa mlango wa jikoni kwenye bawaba zake, wakamlaza mama juu yake, wakambeba mpaka zahanati iliyo mwisho wa mtaa, kwa kuwa zahanati ina paa la zege. Mara zote mbili walikaa kwenye korido mpaka jioni, na nje jua likawaka kana kwamba linawacheka. Mara zote mbili mama alirudishwa akiwa na homa, akakataa chakula, na jirani wa kike aliyekuja kumjulia hali akauliza kwa upole wenye miiba kama kumtembeza mgonjwa ndiyo tiba mpya.

Na mara zote mbili alipiga simu kaka mkubwa, mzaliwa wa kwanza, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani katika nchi ya mbali, nchi ya baridi ambayo hata herufi zake si hizi tulizofundishwa.

"Mdogo wangu, kwa nini mnamtoa mama ndani?" aliuliza. "Naangalia hapa, huko kwenu ni jua tupu."

Mshonaji alimjibu kwa adabu, lakini rohoni alichemka. Mtu amekaa ng'ambo, blanketi magotini, anamfundisha anayelala chini ya paa lenyewe! Jua lilipowaka kama kaka alivyosema, hakukiri kitu. Alisema dhoruba imepita pembeni.

Asubuhi ya siku ile iliyoleta mambo yote, mshonaji alikuwa akipinda sketi za shule. Hakuwa amelala vizuri, kwa sababu mama alihitaji kugeuzwa kila mara, na mikono yake ilifanya kazi bila yeye, jinsi mikono izoeavyo. Simu ikalia. Alikuwa kaka.

"Mmeamkaje?"

"Salama, kaka. Mama anasinzia."

"Mhamisheni."

Mshonaji akaondoa mguu kwenye kanyagio. "Unasemaje?"

"Mhamisheni leo, kabla ya mchana. Naangalia ramani ya upepo hapa. Kuna kijani, njano, nyekundu, halafu kuna zambarau, na hiyo zambarau inakuja juu yenu moja kwa moja kama imeelekezwa nyumba."

"Kaka, mimi nimechoka."

"Najua."

"Hujui. Siku zile nilizoona radi wewe ulisema jua. Leo simu hapa inaonyesha jua zuri, linataka hata kucheka, wewe unaniletea zambarau. Unataka niwe nambeba mama kwa zamu, siku zangu na siku zako?"

"Mdogo wangu, nisikilize..."

Mtu aliyelelewa hamkatii simu mkubwa wake. Mshonaji alisema mtandao unakwama, kisha akakata.

Hata hivyo shaka ilimwingia. Aliufungua ukurasa wa mamlaka ya hali ya hewa. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, halafu ukatokea ujumbe kwamba bando linakaribia kwisha. Akaingia kwenye kundi la mtaa. Huko mtu alikuwa ametuma video ya bahari ikipandisha magari juu ya nyumba, katika mji wenye miti asiyoijua, na watu kadhaa walikuwa wameshaililia. Mwingine aliandika kwamba dhoruba itatua kesho, mwingine kwamba ilitua jana. Katikati yao mama mmoja alikuwa akiuza viatu vya mtumba. Mjumbe wa mtaa alikuwa ameandika, "Wananchi tuchukue tahadhari," bila kusema tahadhari ya nini wala ya lini. Mshonaji alisoma yote, akajikuta anajua machache kuliko alipoanza, na macho yanamuuma.

Akatoka mlangoni kuangalia juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina dalili, na joto lilikuwa limekaa mtaani kama mtu asiye na pa kwenda.

Fundi seremala alikuwa amesimama pale nje, mkono kiunoni.

"Dada," alisema, "naona kundi la mtaa linanguruma. Nimekuja kukwambia mapema, mimi mgongo sina."

"Umeuacha wapi?"

"Zahanati. Ile safari ya pili. Nilirudi bila huo."

"Tulia, fundi. Simu inasema jua."

Fundi akaguna. "Simu hiyohiyo ilisema dhoruba, nikabeba mlango na mtu juu yake huku jua linanichoma utosi. Leo inasema jua. Mimi ningekuwa na akili, saa hizi ningekuwa naikimbia."

Aliyasema kwa mzaha, lakini mshonaji hakucheka. Simu ilikuwa inalia tena.

"Mtandao umepona?" kaka aliuliza. Alikuwa anamjua mdogo wake.

"Umepona. Kaka, naomba tusigombane, niambie jambo moja tu. Zile siku mbili, hapa palitokea radi na alama nyekundu. Wewe ukasema jua, na kweli likawa jua. Ilikuwaje?"

"Siku gani hasa?"

"Ile Jumapili, na ile Alhamisi iliyofuata."

Upande wa pili pakawa kimya, mpaka mshonaji akadhani mtandao umekwama kweli.

"Jumapili ile dhoruba ilikuwa huku," kaka akasema polepole.

"Huku wapi?"

"Kwangu. Nakaa chumba cha chini. Maji yaliingia, yakafika kwenye godoro. Alhamisi upepo ukavunja dirisha. Wewe ulijuaje? Sikumwambia mtu yeyote nyumbani."

Mshonaji aliketi kwenye kizingiti. Fundi, aliyekuwa anasikia kila neno kwa kuwa simu ile ya zamani haikuwa na siri, naye akaketi juu ya tofali.

"Hapo juu ya huo ukurasa pameandikwa nini?" kaka aliuliza.

"Hapo pana tangazo."

"Tangazo la nini?"

"Nitajuaje? Limeandikwa kama nyuzi zilizokatika."

"Lipige picha ya skrini unitumie."

Alifanya hivyo. Kaka alipoiona alicheka, lakini kicheko kile hakikuwa na furaha ndani yake. "Hilo si tangazo, mdogo wangu. Hilo ni jina la mji wangu. Nililiweka mimi mwenyewe nilipokuja mara ya mwisho. Mama ndiye aliyeniomba."

"Na namba je?"

"Namba ipi?"

"Hii ya chini ya picha. Siku ile ilikuwa nne. Mimi nilijua ndiyo muda uliobaki dhoruba ifike."

"Hiyo ni baridi. Nyuzi nne. Huko kwenu zikifika nne mtaanza kuchoma viti."

Fundi akaangalia chini, akikaza midomo yake kwa nguvu zote za malezi mema.

Hakuna aibu kwa mtu kutojua herufi za taifa jingine. Aibu ya mshonaji ilikuwa nyingine. Alikuwa amemuumiza mama yake mara mbili kwa sababu ya mvua iliyonyesha upande wa pili wa dunia, na aliyemwambia ukweli mara zote mbili ndiye aliyemdharau. Walakini hakupata nafasi ya kuyatafakari hayo, maana lile jua zuri lililokuwa linacheka kwenye simu lilikuwa jua la kaka, na zambarau ya kaka ilikuwa ya kwao.

"Itafika lini?" aliuliza.

"Naona mchana hautapita."

Mshonaji aliingia chumba cha nyuma, akamkuta mama yuko macho, anaangalia mabati.

"Mama, tunahama."

"Hamieni," mama akasema. "Mtanikuta."

"Mama, safari hii ni kweli."

"Na zile mbili zilikuwa nini?"

Mshonaji angeweza kusema tena kwamba dhoruba ilipita pembeni. Alichoka hata kuitafuta sauti ya kusemea hivyo. Alipiga magoti kando ya kitanda, akasema, "Zile zilikuwa bure. Nilisoma hali ya hewa ya kwa kaka nikidhani ni ya kwetu."

Mama aligeuza kichwa, kitu pekee alichoweza kukigeuza bila maumivu. "Ule ukurasa ni wa kumwangalia yeye. Niliomba niwekewe ili nijue kama anatetemeka. Ungeniuliza ningekwambia."

"Sikujua kama unajua, mama."

"Mlikuja hapa mnasema mtandao umesema. Mimi nikadhani ni mtandao mwingine, wa serikali huko. Nani aliniuliza kitu? Mlining'oa kama kabati."

"Kabati halitukani njiani, bibi," fundi akasema kutoka mlangoni.

"Kabati halina nyonga, wewe bwana mbao!" Mama akafumba macho. Aliposema tena, ukali ulikuwa umemwisha. "Leo siendi, mwanangu. Bati likitaka, lianguke. Ninyi mna miguu, mnachoka, mnapumzika. Mimi nachoka nikiwa nimelala. Hakuna pengine pa kwenda kupumzikia."

Hoja zote alizokuwa nazo mshonaji alikuwa amezitumia zile mara mbili. Nje, mahali fulani mtaani, dirisha lilijibamiza, kisha pakatulia.

Ndipo mama alipofumbua macho. "Kwa hiyo zile siku dhoruba ilikuwa kwake?"

Binti akainamisha kichwa kukubali.

"Nipe hiyo simu."

Walimpigia kaka, na mshonaji akamshikia mama simu karibu na mdomo.

"We mtoto," mama akasema. Yule mtoto alikuwa na mvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Maji yalifika wapi?"

"Kwenye godoro, mama."

"Na siku ile ulinipigia, nikakuuliza umeshindaje, ukasema vizuri kabisa. Nakumbuka. Ulisema hata umekula."

"Nilikuwa nimekula kweli. Nimekaa juu ya meza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sikutaka uumie, mama. Unaumia vya kutosha."

"Kuumia mimi si kazi yako kunipunguzia kwa uongo. Kuna mwingine wa kunifunika humu ndani; wewe huko nani anakufunika?" Alipumua, akangoja nguvu zirudi. "Sasa wanasema nihame. Nisipohama?"

Walimsikia kaka akivuta pumzi, na nyuma yake mashine za kiwanda zikinguruma. "Usipohama," alisema, "nitasimama hapa naangalia ile rangi mpaka ipite juu yenu. Sina jingine ninaloweza kulifanya, mama. Kuangalia tu."

Mama alimrudishia binti yake simu. Alitazama mabati kwa muda, si kwa hofu, bali kama mtu anayemtazama mpangaji asiyelipa.

"Leteni mlango," akasema.

Fundi hakuutaja mgongo wake tena. Alijifunga mshipi mpana wa ngozi, akang'oa mlango, akaulaza kitandani. Mshonaji aliweka mito miwili pembeni mwa nyonga, na safari hii, kwa mara ya kwanza, alimuuliza mama iwe juu kidogo au chini kidogo. Mama akamwelekeza. Walipomsogeza alitoa ile sauti yake fupi. Walipomwinua akaitoa tena. Nusu ya njia fundi aliomba watue, akainama na mikono magotini, na mama akamwambia kutoka juu ya mlango, "Pumzika, bwana mbao. Mimi sina haraka, naona wewe ndiye mgonjwa."

"Bibi, ukipona nitakuomba unibebe na mimi."

"Nitakuburuta."

Upepo uliwakuta kabla hawajafika. Haukuanza polepole. Ulikuja kutoka kona ya mtaa ukiwa na vumbi, mifuko ya plastiki na karatasi, ukaivuta shuka ya mama upande mmoja, na ile mbingu nyeupe ikawa rangi ya chuma kilichochomwa. Wenye maduka waliteremsha milango yao kwa kishindo. Mshonaji aliinamisha kichwa akatembea bila kuona, akikadiria kwa miguu yake mwenyewe kwamba zahanati haiwezi kuwa mbali.

Muuguzi aliwafungulia, akawatazama. "Nyinyi tena? Jamani, hapa si stendi."

"Leo tumekuja na tiketi, sista," fundi akasema, na tone la kwanza likampiga muuguzi usoni. Akawapisha.

Korido ilijaa. Wengine walikuja wamelowa, wakisema mtandao ulikuwa umesema kesho. Mvua ilipiga madirisha kama mawe ya changarawe, taa zikazimika, na kelele ya mabati ya mtaa ikasikika, kwanza yakilia, kisha yakipasuka. Mshonaji alikaa sakafuni kichwani pa mama. Hakuomba wala hakulia. Alishika ukingo wa mlango kwa mikono miwili kana kwamba bado anaubeba, na fundi alipomwambia autue, alishangaa kuona kwamba ulikuwa umetuliwa zamani.

Upepo ulipokatika, fundi alitoka kwenda kuangalia. Alirudi suruali imelowa hadi magotini, hana hata mzaha.

"Chumba cha mbele kizima," alisema. "Cherehani iko. Sketi zimelowa kidogo."

"Na cha nyuma?"

Alikuna shingo. "Paa halipo. Boriti iko kitandani. Imekaa katikati."

Mshonaji aliitikia kwa kichwa kuonyesha kuwa amesikia. Alijua kwamba alipaswa kushukuru kwa sauti, watu walikuwa wanamtazama, lakini hakupata pa kuanzia.

"Kweli limeondoka?" mama aliuliza. Walidhani amelala.

"Kweli, mama."

"Lote?"

"Lote, bibi," fundi akasema. "Nimeona mbingu mimi mwenyewe."

"Afadhali," mama akasema. "Ningekasirika sana kama ningeumia bure tena."

Mshonaji akaanza kucheka, kicheko kisicho na nguvu, mabega tu yakitikisika, na kabla hakijaisha alikuwa ameegemeza kichwa chake kwenye mto wa mama na usingizi umemchukua. Hakusikia homa ya mama ikipimwa, wala muuguzi akimruka kwa tahadhari ili apite. Simu ilipolia mfukoni mwake, fundi aliitoa polepole, akasogea nayo dirishani.

"Ndiyo, kaka. Mimi fundi... Wako hai wote. Paa limekwenda, watu wapo... Hapana, siwezi kukupa, wamelala, mama na binti." Akasikiliza, akijishika kiuno. "Utawapigia baadaye. Na wewe funga hiyo ramani, kaka, ukalale."